Ugumu wa kisu hautokani na wingi wa nyundo

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti chuma chochote, hata nondo, kikigongwa sana juu ya fuawe "hubanana" na kutoa kisu kigumu cha porini. Si kweli.

Nyundo hutoa umbo. Ugumu hutokana na kaboni iliyomo kwenye chuma na jinsi kinavyopashwa moto na kupozwa. Springi ya gari huwa na kaboni ya kama asilimia 0.5 hadi 0.6, ikipashwa mpaka sumaku isiinase, ikaongezwa moto kidogo, kisha ikazamishwa kwenye mafuta, hukakamaa. Nondo za kawaida zina kaboni ndogo, tena isiyotabirika.

Hakikisha mwenyewe kwa tupa. Kisu kikishapoa, ipitishe taratibu kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, kimekakamaa, ikiuma na kuacha unga wa chuma, bado ni laini. Kilichokakamaa nacho kipashwe tena kwa moto mdogo, la sivyo huvunjika kikianguka.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu chuma kikigongwa kikiwa baridi huongezeka ugumu kiasi. Kikirudi motoni hadi kuwa chekundu, ugumu huo huisha.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kijana anayejifunza uhunzi atamaliza mkaa wake kwa nondo isiyoshika makali.