Mfichie Mwanao Raba

Naomba leo tuelewane kuhusu raba ya kufutia, maana nimechoka kulisema hili kwa mzazi mmoja mmoja mlangoni huku tuktuk inamngoja. Juzi nimeletewa tena daftari lililosuguliwa mpaka karatasi inaonyesha upande wa pili. Kurasa nyeupe pe, kila nambari imekaa ndani ya mraba wake, majibu yote sahihi. "Mwalimu, nilikaa naye mwenyewe jana usiku. Kila akikosea namfutia, anaandika upya. Si unaona lilivyo safi?" Naona, mama. Usafi nauona. Cha mtoto sikukiona hata kimoja.

Nasomesha hisabati jioni huku Kisauni, Mombasa, watoto wa Gredi ya 3 mpaka ya 7, na kila mmoja nampa daftari la pili mbali na lile la shule. La kawaida tu, la miraba, kurasa 96. Humo anafanya hesabu chache na kuandika kwa maneno yake alikuwa akifikiria nini. Watoto wenyewe huliita daftari la fujo, na jina hilo silipingi. Sharti ni moja: hakuna kufuta. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba ili kosa lisomeke, kisha endelea chini yake. Kalamu ya wino inafaa kuliko penseli. Ndiyo, najua shuleni wadogo hudaiwa penseli. Hili si daftari la shule.

Kumfutia mtoto kosa kabla mwalimu hajaliona ni sawa na kumpaka poda mwenye ukurutu ndipo umpeleke kwa daktari. Atapendeza, lakini ametibiwa nini?

Najua imani hii ilikotoka. Wengi wenu, kama mimi, ni watoto wa KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya. Mpaka mtihani ule ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, hisabati ilikuwa maswali 50 ya kuchagua A, B, C au D. Umepita njia gani, hakuna aliyekuuliza. Hesabu za pembeni zilikuwa takataka za kutupwa, nasi tukakua tukiamini kwamba jibu ndilo hesabu. Lakini mtoto huyohuyo akifika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anakuta njia ina alama zake na jibu lina alama zake. Anayeandika jibu tupu, nalo si sahihi, anaambulia sifuri. Aliyeonyesha njia huokota alama hata jibu likimponyoka. Miaka yote hiyo tumemfunza kuficha njia, kisha tunashangaa akiwa kidato cha nne hana cha kuonyesha.

Hilo la raba, mzazi akielezwa huelewa. Kuna jingine linaniudhi zaidi, nalo limekaa ndani ya vichwa vya watoto, tumelitia sisi.

Mtoto akishazoea kutofuta, namwambia aandike kwa nini alikosea. Karibu wote huanza na sentensi moja: "Sikuwa makini." Ukurasa baada ya ukurasa. Sikuwa makini, sikuwa makini, nitakuwa makini. Sasa tazameni hizi, za mtoto wa Gredi ya 4:

52 − 38 = 26
71 − 46 = 35
90 − 27 = 77

Babake alipoziona alisema kijana ana haraka. Haraka ipi? Tazameni tena. Kwenye mamoja, 2 toa 8 ameona haitoki, basi kageuza: 8 toa 2, kapata 6. Penye 1 na 6 kageuza vilevile, kapata 5. Penye 0 na 7 kaandika 7. Makumi kayatoa bila kosa. Mtoto huyu ni makini kumshinda karani wa benki! Ana kanuni yake, toa ndogo kwenye kubwa, na anaifuata bila kuteleza hata mara moja. Na huenda kanuni yenyewe tulimpa wenyewe, siku ile alipokuwa mdogo tukamwambia kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo, basi. Ukimwambia aongeze umakini ataifuata kanuni hiyohiyo kwa umakini zaidi, na kesho atakuletea 26 yenye mwandiko mzuri.

Hili si la kubuni kwangu. Mwaka 1978 watafiti wawili Wamarekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi yao juu ya makosa ya watoto katika kutoa. Walionyesha kwamba mengi yana mpango ndani yake: ukiishaijua kanuni mbovu ya mtoto, unaweza kutabiri atakosea vipi katika hesabu ambayo hata hajaigusa. Lakini utabiri huo haufanyiki kwa jibu moja. Unataka makosa matatu manne yakae pamoja kwenye ukurasa. Mama mwenye raba kayaondoa yote, kwa mapenzi.

Sisemi kila kosa lina kanuni. Mengine ni ya usingizi, mengine ya njaa, hasa mwezi wa Ramadhani saa kumi jioni. Na wapo watoto ambao kanuni yao ya leo si ya kesho. Hao, daftari hunichanganya badala ya kunisaidia. Ila neno "sikuwa makini" nimelipiga marufuku kwa wote. Yule wa 26 alikaa, akatafuna kalamu, akaandika: "2 ilikuwa ndogo nikaigeuza." Maneno manne. Kwa hayo manne nilijua kesho nianzie wapi.

Mfano mwingine ni wa saa. Basi limetoka Mombasa saa 2:45 asubuhi, limefika Malindi saa 5:20. Safari imechukua muda gani? Watoto huandika 5.20 kutoa 2.45, wanapata 2.75, halafu kwa utulivu kabisa wanaandika saa 2 na dakika 75. Ukifuta na kumwonyesha, ataandika saa 2 na dakika 35, mtafunga daftari mkale. Usipofuta, kuna cha kutazama. 75 imeizidi 35 kwa 40, na 40 ndiyo tofauti ya 100 na 60. Alipokopa saa moja aliipokea kama mia, ilhali ina dakika 60. Mkikuta jibu la muda limezidi kwa 40 barabara, msiendelee kutafuta, ugonjwa ni huo.

Swali hilohilo lilizaa jambo ambalo sikulipanga. Vitabu vyao vinafuata saa ya Kizungu, nyumbani tunafuata yetu, na mtoto wa Mombasa anaishi kwenye zote mbili. Msichana mmoja alifanya hesabu ya basi mara mbili, mara kwa 8:45 na 11:20, mara kwa 2:45 na 5:20, akaandika pembeni: "Saa zimebadilika lakini muda ni ule ule. Kwa nini?" Wallahi ile alama ya kuuliza naithamini kuliko tiki zake zote. Sikumjibu. Baadaye akarudi na jibu lake: saa zote mbili zimeongezwa 6, kwa hiyo ukitoa, ile 6 inapotea. Mwenye macho ya aljebra, hesabu za herufi, keshaona kilichoandikwa hapo: (a + 6) − (b + 6) = a − b, na mtoto mwenyewe hajaambiwa bado kwamba kuna kitu kinaitwa aljebra.

Kisha akaendelea bila kutumwa. Safari ya saa 11:20 mpaka 2:10 ya mchana inamsumbua kwa saa ya Kizungu kwa sababu inavuka adhuhuri. Basi anaigeuza iwe 5:20 mpaka 8:10, anatoa, anapata saa 2 na dakika 50, hakuna alichovuka. Na chini yake kaweka onyo, kwa herufi kubwa: JIONI USIFANYE HIVI. Kweli, kwa sababu saa yetu huvuka 12 jua linapotua, na hapo ya Kizungu ndiyo inayopita moja kwa moja. Mimi nimesomesha saa miaka mingi na sijawahi kuipanga hivyo.

Halafu kuna madaftari ya mapambo. Mnayajua: vichwa vya habari vya rangi saba, vibandiko vya nyota, picha inapigwa, inatumwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, na usiku huohuo watu watano wananiuliza kwa nini la mtoto wao haliko vile. Mtoto aliyetumia saa nzima kupaka rangi neno HISABATI amejifunza kupaka rangi. Michoro naitaka, lakini ya kazi. Mtoto aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 nilimwambia achore mkate wa sinia. Mchoro ulikwenda tenge, thuluthi yake ilikuwa na ukarimu wa ajabu, lakini aliona mwenyewe kwamba 2/5 ni ndogo hata kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Picha hiyo hakuna aliyeituma kwenye grupu.

Lugha: aandike kwa lugha anayofikiria. Naulizwa, mtihani si ni wa Kiingereza? Ni wa Kiingereza, na shuleni anasoma kwa Kiingereza. Lakini mtoto anayetafuta Kiingereza cha "nimeigeuza" ameacha kutafuta hesabu. Wangu huchanganya, nami nasoma mchanganyiko wao bila kusahihisha tahajia. Hapa nina wasiwasi kidogo, nakiri. Wapo ambao kuandika ni mzigo kwa lugha yoyote ile, na kwao daftari la fujo hugeuka somo la insha. Hao huniambia kwa mdomo, naandika mimi.

Kijana mmoja wa chuo alinibishia kwamba wakubwa wa hisabati huandika majibu tu, akanitajia Srinivasa Ramanujan, yule Mhindi aliyezaliwa 1887 akafa 1920. Vizuri alivyomtaja. Ramanujan alikuwa na shida ya karatasi, akifanya kazi kwenye kibao cha kuandikia, akifuta kwa kiwiko, na daftarini akinakili matokeo peke yake. Alipokufa aliacha maelfu ya matokeo bila njia. Profesa Bruce Berndt wa Marekani alitumia miaka na miaka kuyathibitisha moja moja, na kazi hiyo juu ya madaftari hayo ikatoka kwa juzuu tano kati ya 1985 na 1998. Sasa, mwanao si Ramanujan, na hakuna profesa atakayejitolea kutafuta alivyoipata 26.

Ya haraka haraka, kwa wanaouliza kila mara. Mara mbili tatu kwa wiki zinatosha. Hesabu mbili zenye maelezo zinashinda ishirini zisizo na maelezo. Msitie tiki nyekundu humo. Jedwali la kuzidisha halijifunzwi kwa daftari hili; saba nane hamsini na sita ni ya kukariri, mtoto aikariri akiosha vyombo.

Na kama mnauliza daftari hili kweli linafanya kazi, jibu langu ni nusu. Watoto wanaoandika huendelea, hilo naliona. Ila wanaoandika ndio pia ambao kuna mtu mzima anakaa na kusoma walichoandika, na siwezi kutenganisha faida ya kuandika na faida ya kusomwa. Kuna madaftari yaliyojaa ambayo hakuna aliyeyafungua, na watoto wake wamebaki palepale. Wala sijui kama kosa lililoachwa wazi halimkai mtoto mwingine kichwani. Ndiyo maana nasisitiza jibu sahihi liandikwe chini yake siku hiyohiyo, si kesho.

Tena wamenijua. Mwaka huu nimeanza kupokea fujo ya bandia. Hesabu inafanywa kwenye karatasi nyingine, inafutwa wee mpaka inyooke, kisha inanakiliwa kwenye daftari langu pamoja na kosa moja la adabu, limepigwa mstari kwa rula. Kwenye daftari moja kosa lilikuwa kwa mwandiko wa mama. Dawa yake sijaipata. Kwa sasa daftari la fujo halitoki kwangu: linafunguliwa mezani, linaandikwa mbele yangu, linafungwa, na raba zote ziko kwenye kopo juu ya friji.