Michezo ya kuwatoa watoto jasho: maswali na majibu

Tunataka kubuni michezo itakayowafanya watoto wakimbie na kuruka. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kuwaangalia waliokaa pembeni. Michezo mingi ya kukimbizana humtoa anayeguswa, na anayeguswa mapema kwa kawaida ni mzito au asiye na kasi, yaani yule yule aliyehitaji kukimbia kuliko wote. Wenzake wanatoka jasho, yeye anatazama. Hili linaniuma, kwa sababu kulirekebisha ni rahisi: aliyeguswa aruke mara 10 kisha arudi mchezoni, au asimame kama sanamu mpaka mwenzake amkomboe. Gaweni pia kundi kubwa kuwa madogo. Watoto 20 wakigombania mpira mmoja, wengi wao hawaugusi kabisa.

Mtoto anahitaji muda gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unataka wenye miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za kutumia mwili kwa kiwango cha kati hadi cha nguvu, na angalau siku 3 kwa wiki wafanye vitendo vya kuimarisha misuli na mifupa. Hapo ndipo kuruka kamba, kupanda na kuvutana kamba vinapofaa. Si lazima dakika hizo ziwe za mfululizo.

Tutajuaje kama mchezo unatosha?

Msikilizeni anavyohema. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, mchezo ni wa kiwango cha kati. Akisema maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, ni wa nguvu.

Mawazo yakituishia?

Waulizeni watoto wenyewe. Andikeni vitendo kwenye vikaratasi: kutambaa, kurusha, kuruka kwa mguu mmoja. Kwenye vingine andikeni vifaa vilivyopo. Mtoto achomoe kimoja kila upande, kisha kundi litunge kanuni. "Kutambaa" na "mpira" vinaweza kuzaa mashindano ya kusukuma mpira kwa kichwa. Wazo lingine likiwa baya, lijaribuni dakika mbili, mlibadilishe. Mchezo waliotunga wenyewe huombwa tena hata mkubwa asipokuwepo.

Je, michezo ya simu inayomtaka mtu atembee?

Inasaidia, ila msiitegemee peke yake. Pokémon Go ilipotoka mwaka 2016, utafiti kwa vijana wazima wa Marekani ulionyesha hatua zao za kila siku ziliongezeka kwa takriban 955 katika wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya sita, ongezeko lilikuwa limetoweka.

Mtoto mwenye pumu acheze?

Ndiyo, pumu yake ikiwa imedhibitiwa. Apashe mwili moto polepole, dawa yake ya kuvuta iwe karibu, na msimamizi ajue namna ya kuitumia. Akianza kukohoa au kifua kubana, apumzike na apewe dawa hiyo mara moja kama daktari alivyoelekeza. Asipopata nafuu, awahishwe hospitali.