Jina Moja Si Mtu Mmoja: Dhana Potofu Kuhusu Nasaba za Waingereza Waliohamia Makoloni ya Marekani

Mwezi huu nimeletewa tena shajara ya ukoo, yaani mchoro wa mti wa nasaba, iliyochapwa kwa rangi, ngao yenye nembo imewekwa pembeni, na juu kabisa amekaa Mwingereza aliyebatizwa Suffolk mwaka 1612. Mteja, ambaye watoto wake wana damu ya New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani lenye Massachusetts ndani yake, upande wa mama yao, alitaka tu nimsaidie kurudi nyuma zaidi. Nikamuuliza amejuaje kwamba mtoto huyo wa Suffolk ndiye mzee aliyefia Massachusetts. Akanijibu kama wanavyonijibu karibu wote: "Jina ni lilelile, na umri unalingana."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na limeharibu nasaba nyingi kuliko moto na panya.

Dhana: nikilipata jina lake kwenye rejista ya Uingereza, nimempata yeye

Mtafute Mohamed Salim pale Mombasa, halafu uniambie umepata wangapi. Waingereza wa karne ya 17 walikuwa hivyohivyo. John, William na Thomas walijaa kila parokia. Mtoto alipewa jina la babu, la mjomba au la baba wa ubatizo, kwa hiyo mabinamu watatu wa kijiji kimoja waliweza kuitwa jina moja na kupishana miaka miwili tu. Tena mtoto alipokufa mchanga, anayemfuata mara nyingi alirithishwa jina lilelile. John wa 1612 unayemshangilia huenda alizikwa 1613, kurasa chache mbele, ila hakuna aliyefungua upande wa mazishi.

Halafu kuna rejista zisizokuwepo. Parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi mwaka 1538, kwa agizo la Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, lakini vitabu vingi vya mwanzo vimepotea au vina mapengo, hasa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika miaka ya 1640. Ukitafuta kwenye intaneti unatafuta katika masalia. Kupata John mmoja anayelingana haina maana kwamba alikuwepo John mmoja.

Mimi huwasimulia wateja wangu wote habari za George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Mwaka 1791 Isaac Heard, mtaalamu wa nembo za kifalme kule London, alimwandikia kumuuliza asili ya ukoo wake. Washington akajibu mwaka uliofuata kwamba jambo hilo hakulishughulikia sana, ila alisikia wazee wake walitoka wilaya za kaskazini mwa Uingereza. Heard akaitazama nasaba ya akina Washington wa Sulgrave, Northamptonshire, akakuta ndugu wawili, John na Lawrence. Wa ukoo wa George waliohamia koloni la Virginia nao walikuwa ndugu wawili, John na Lawrence. Basi, kwake ikawa imekwisha, na kwa zaidi ya miaka 70 vitabu vikanakiliana.

Mwaka 1866 Joseph Lemuel Chester, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, aliuliza maswali ambayo mtu yeyote angeweza kuyauliza. Huyo John wa Sulgrave alikuwa amepewa cheo cha Sir. Mbona hati za Virginia, hata wosia wa mhamiaji mwenyewe, hazimwiti hivyo? Lawrence wa Sulgrave alikuwa kasisi. Mbona Lawrence wa Virginia hakuwa kasisi? Chester akaibomoa nasaba yote, na kwa uungwana wake hakujenga nyingine ya kubahatisha mahali pake.

Ushahidi ulikuja mwaka 1889, kwa mkono wa Henry FitzGilbert Waters, mtu aliyekaa miaka London akisoma wosia mmoja baada ya mwingine. Aliupata wosia wa Andrew Knowling wa Tring, Hertfordshire, ulioandikwa karibu mwaka 1650. Knowling alimwachia mali mtoto wake wa ubatizo, Lawrence Washington, na akawataja ndugu za Lawrence huyo: John, William, Elizabeth, Margaret na Martha. Sasa vuka bahari. Katika wosia wake wa 1675, John Washington wa Virginia alimwachia fungu dada yake Martha, aliyekuja kutoka Uingereza. Hapo hulinganishi tena jina moja na jina moja. Unalinganisha ndugu wa tumbo moja, wakiwa pamoja katika hati za pande zote mbili. Baba yao alikuwa nani? Yule yule kasisi Lawrence wa Sulgrave, aliyeondolewa katika parokia yake ya Purleigh, Essex, mwaka 1643. Mtu aliyekuwa akidhaniwa ni mhamiaji alikuwa baba wa wahamiaji.

Na ile habari ya kaskazini? Ukoo ulitoka kweli Lancashire, lakini zaidi ya miaka 100 kabla John hajapanda meli. Masimulizi ya wazee huhifadhi kitu cha kweli, ila hukisogeza.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao nitaurudia hadi nizeeke: soma wosia kabla ya ubatizo. Ubatizo unakupa jina la mtoto na la baba, basi. Wosia unataja mke wa pili, wakwe, deni la jirani, shamba lililobaki kijijini, na mara nyingine "mwanangu aliyeko New England". Uanzie Marekani: mirathi, hati za ardhi, mashauri ya mahakamani, majirani waliofika naye. Usiguse Uingereza mpaka umjue mtu wako kwa mkewe, kazi yake na watu wake. Na usome hati yenyewe, kwa macho yako.

Dhana: wote walikimbia kuteswa kwa ajili ya dini

Hiyo ni habari ya New England, tena si yote. Kati ya 1620 na 1640 walifika huko Waingereza wapatao 20,000, na dini ilikuwa na uzito mkubwa kwao. Lakini Virginia na Maryland zilijaa watumishi wa mkataba, vijana waliofanya kazi miaka minne hadi saba kulipia nauli ya meli. Baada ya sheria ya 1718 wakaongezeka wafungwa waliohukumiwa kusafirishwa, makumi ya maelfu. Wateja hunung'unika nikiwaonyesha mfungwa. Mimi humfurahia, kwa sababu kesi yake ina karatasi, na karatasi hunipa kijiji alikotoka.

Dhana: lazima jina lake liko kwenye orodha ya abiria

Kwa wengi haliko. Serikali ya Marekani ilianza kukusanya orodha za abiria mwaka 1820. Za kabla ya hapo ni vipande vilivyonusurika, kama rejista ya waliotoka bandari ya London mwaka 1635 na ile ya watumishi waliopitia Bristol kuanzia 1654. Kama hukumkuta, usimpachike kwenye Mayflower, ile meli maarufu ya wahamiaji wa 1620. Meli hiyo ilibeba abiria 102, karibu nusu yao wakafa kabla ya mwaka kwisha tangu wafike, na ukoo wa walioacha kizazi umechunguzwa mtu kwa mtu.

Dhana: Junior (Mdogo) ni mtoto wa Senior (Mkubwa)

Mtaani kwenu hakuna Ali Mkubwa na Ali Mdogo wasiohusiana hata kidogo? Ndivyo ilivyokuwa. Karani wa mji alitenganisha watu wawili wenye jina moja kwa umri tu. Mkubwa akifa, Mdogo aliweza kupanda kuwa Mkubwa, na mtafiti asiyejua hilo huwachanganya wawili wakawa mmoja. Maneno ya undugu nayo yalinyumbuka: aliyeitwa "cousin" (binamu) mara nyingi alikuwa mpwa.

Dhana: ukoo wetu una ngao yake

Hauna. Uingereza ngao hupewa mtu na kurithiwa na wazao wake halali, haipewi jina la ukoo. Zile zinazouzwa zikiwa kwenye fremu ni mapambo.

Dhana: tarehe ni tarehe

Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25. Kwa hiyo Februari 1640 katika rejista huja baada ya Aprili 1640. Nimeletewa shajara yenye mama aliyezikwa Aprili 1640, mtoto wake amebatizwa Februari 1640, na mteja akaona yote yako sawa. Kwa hesabu ya rejista ile, mama alikuwa kaburini miezi kumi kabla ya ubatizo. Mtoto huyo alikuwa na mama mwingine, na vizazi sita alivyonichorea upande wa yule mama vikafutika vyote.