Mchezaji huru wa NBA hayuko huru kihivyo: vitu tunavyovichanganya kila Julai

Usiku wa kuamkia Julai mosi, saa saba usiku kwa saa zetu za huku, soko la NBA linafunguka rasmi na magrupu ya WhatsApp yanawaka moto. Maswali kila mwaka ni yale yale. Lakers wamemnunua shingapi? Mbona hakukataa kuuzwa? Hawa si tuliambiwa wamefika kikomo cha mishahara, wamesajilije tena? Siwalaumu wanaouliza, maana wengi wetu tumekulia kwenye usajili wa mpira wa miguu, Simba na Yanga, halafu Ulaya, tunajua klabu inalipa ada, mchezaji anakubaliana maslahi yake, anapimwa afya, anashika skafu anapigwa picha. Ukiingia kwenye kikapu cha Marekani na akili hiyo hutaelewa kitu hata kimoja, kwa sababu kule kinachohama ni mkataba, mchezaji anaufuata tu.

"Wamemnunua kwa dola milioni 150"

Hakuna aliyenunuliwa. Ada ya uhamisho kule haipo. Hiyo namba unayoiona kwenye habari ni mshahara wa mchezaji mwenyewe, jumla ya miaka yote ya mkataba, na timu aliyotoka haipati hata senti. Timu zikitaka kubadilishana wachezaji wanafanya tredi, mtu kwa mtu, au mtu kwa haki za kuchagua vijana kwenye drafti za miaka ijayo, na pesa taslimu inaweza kuongezwa kidogo ila ina kikomo chake kwa mwaka. Na yule anayehamishwa anaenda na mkataba wake ule ule, mshahara ule ule, miaka iliyobaki ile ile, hakuna kukaa mezani upya.

Mfano tunao nyumbani kabisa, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, namba 2 kwenye drafti ya 2009, Memphis Grizzlies. Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston pamoja na haki ya drafti ili wampate Shane Battier, Machi 2012 Houston nao wakampeleka Portland, na mara zote hizo yeye hakusaini karatasi mpya yoyote, alikuwa bado yuko kwenye mkataba ule ule wa drafti. Halafu 2014 ndio ilikuwa kali, Oklahoma City wakamtredi Philadelphia mwishoni mwa Agosti, Philadelphia wakamuacha siku chache tu baadaye, hajacheza hata mechi moja na jezi yao. Watu huku walisema "kauzwa halafu kafukuzwa". Wala. Ilikuwa ni hesabu za mishahara kati ya ofisi mbili.

Na kuna jambo la mkataba wake wa mwanzo ambalo watu hawalijui. Ukichaguliwa raundi ya kwanza unasikia mkataba wa miaka 4, lakini miaka 2 ndio ya uhakika, wa 3 na wa 4 timu ndiyo inaamua kila mmoja kwa wakati wake. Thabeet mwaka wa 4 hawakuuchukua, ndiyo maana 2012 alikuwa sokoni akasaini Oklahoma City. Kwa hiyo ukimsikia mtu anabishana kwamba Hasheem alikuwa na miaka minne ya uhakika, mwambie aliyekuwa na uhakika ni Memphis.

"Mchezaji akikataa hawezi kuhamishwa"

Hapa ndipo mpira wa miguu unatudanganya zaidi. Kule Ulaya mchezaji akigoma dili limekufa. NBA mchezaji anaweza kulala yuko timu hii akaamka yuko nyingine na hakuna mtu aliyemuuliza. Luka Dončić, Februari 2025, aliifikisha Dallas fainali miezi nane tu nyuma, akapelekwa Lakers, akaja Anthony Davis upande wa pili, dunia nzima ikadhani akaunti ya mwandishi aliyeitangaza habari hiyo imedukuliwa.

Kipengele cha kukataa kuhamishwa kipo, ila kukipata lazima uwe na misimu 8 kwenye ligi na 4 kati ya hiyo uwe umecheza kwenye timu inayokupa, na hata ukitimiza, timu nyingi hazitaki kabisa kukitoa. Bradley Beal alipewa na Washington, ndiyo maana 2023 alipoenda Phoenix yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. LeBron naye alikipata kwenye mkataba wake wa 2024 na Lakers. Wengine karibu wote wanaishi na begi karibu na mlango.

Sasa turudi kwa Luka, maana ile tredi ilimgharimu kitu ambacho watu hawakukiona haraka. Mshahara wa juu kabisa NBA unapangwa kwa asilimia ya kikomo cha mishahara, yaani kiasi ambacho timu imepangiwa kulipa wachezaji wake wote kwa msimu: mwenye misimu 0 mpaka 6 anaishia asilimia 25, misimu 7 mpaka 9 asilimia 30, kuanzia 10 ndio 35. Ila kuna mlango wa pembeni, ukichaguliwa kwenye timu bora za msimu au ukawa MVP (mchezaji bora wa msimu) au mlinzi bora wa mwaka, unaweza kupewa ile 35 mapema. Sharti lake: timu inayokupa iwe ndiyo iliyokuchagua kwenye drafti, au ilikupata kwa tredi ukiwa bado kwenye mkataba wako wa kwanza. Luka angebaki Dallas kiangazi kile angeweza kusaini miaka 5 kwa kama dola milioni 345. Lakers hata wangetaka kumpa wasingeruhusiwa, akaishia kuongeza miaka 3 kwa milioni 165. Shai Gilgeous-Alexander naye alitrediwa, Clippers kwenda Oklahoma City 2019, lakini alikuwa bado kwenye mkataba wa kwanza, kwa hiyo haki yake ilihama naye na Julai 2025 akasaini miaka 4 kwa milioni 285. Wote wawili wametrediwa, wote wawili ni nyota, tofauti ni tarehe tu.

Kwa hiyo ile kauli ya "mwenye hela nyingi ndiye anampata" nayo ni uongo. Tajiri mwenye timu hata awe na hela za kununua nchi, hawezi kumzidishia nyota senti moja juu ya ile asilimia. Na timu anayotoka karibu siku zote ndiyo inaweza kutoa zaidi: miaka 5 na nyongeza ya asilimia 8 kila mwaka, wakati timu nyingine zinaishia miaka 4 na asilimia 5.

"Mkataba umeisha, aende anakotaka"

Inategemea. Kuna mchezaji huru kabisa na kuna mchezaji huru mwenye kamba mguuni. Kijana anayemaliza mkataba wake wa kwanza, timu yake ikimpa ofa maalumu ya mwaka mmoja basi anakuwa wa aina ya pili, anaruhusiwa kusaini ofa ya timu nyingine, lakini timu yake ya zamani ina muda mfupi wa kusema "na sisi tunalipa hivyo hivyo", na wakisema hivyo anabaki, atake asitake. Deandre Ayton 2022 alisaini ofa ya Indiana, miaka 4 milioni 133, Phoenix hawakumaliza hata muda waliopewa, siku hiyo hiyo wakalingana nayo, akabaki sehemu ambayo kila mtu alijua mambo hayakuwa shwari.

Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, ndugu zetu wa Kivu mnamjua, kiangazi cha 2025 alikuwa kwenye hali hiyo na Golden State. Alikaa sokoni Julai yote, Agosti yote, hakuna timu iliyomsainisha ofa, kwa sababu timu zinaogopa hesabu zao zifungwe kwa siku kadhaa halafu Golden State waseme tunalingana, umebaki huna mchezaji na wale uliokuwa unawafikiria wameshachukuliwa. Kilichobaki ni ama achukue ile ofa ya mwaka mmoja, kama milioni 7.9, acheze halafu mwakani awe huru kweli, ama akubaliane nao. Septemba inaisha, kambi ya mazoezi inaanza, ndio akasaini miaka 2 inayofika milioni 48.5, na mwaka wa pili mwenye uamuzi ni timu. Huko mitandaoni wakamwita king'ang'anizi. Mimi naona alikuwa amekaa upande mbovu wa meza tangu siku ya kwanza, kanuni ndivyo zilivyoandikwa.

"Kikomo kimefika, hawawezi kusajili"

Kikomo cha NBA ni laini, yaani kuna njia halali za kukipita, tofauti na cha NFL, ligi ya futiboli ya Marekani. Msimu wa 2025-26 kilikuwa kama dola milioni 154.6, na timu nyingi sana ziko juu yake muda wote bila kuvunja sheria. Njia kuu ni haki za Bird, zilizopewa jina la Larry Bird wa Boston: mchezaji akikaa misimu 3 bila kuachwa wala kubadili timu kama mchezaji huru, timu yake inaweza kumsainisha tena hata kama imeshapita kikomo. Na haki hizo zinahama kwenye tredi, ndiyo maana utaona timu inamchukua mtu mwenye mkataba wa miezi minne iliyobaki, ukadhani wamechanganyikiwa, kumbe wamefuata haki ya kumsainisha kiangazi.

Kinachouma kweli ni mistari ya juu zaidi. Kuna kodi ya anasa, halafu kuna mistari miwili inaitwa eproni, na ule wa pili, kama milioni 207.8 kwa msimu huo huo, ukiupita sio suala la faini tu. Huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja mkubwa, huruhusiwi kutoa pesa kwenye tredi, na haki yako ya drafti ya raundi ya kwanza ya miaka saba mbele inagandishwa, huwezi kuitoa kwenye dili. Boston walichukua ubingwa 2024, mwaka mmoja baadaye Jrue Holiday yuko Portland na Kristaps Porziņģis yuko Atlanta. Hawakuwa wameshuka viwango, mahesabu ndiyo yaliwatoa.

"Amesaini milioni 200, zote zake"

Haraka haraka tu: wakala anachukua sehemu yake isiyozidi asilimia 4, ligi inashikilia asilimia 10 ya mshahara mpaka mapato ya mwaka yahesabiwe, serikali kuu inakata, na kila jimbo lenye kodi ya mapato analoenda kucheza ugenini linataka chake. Kuna mikataba isiyo na uhakika kabisa, kuna ya siku kumi inayoanza Januari, kuna ya njia mbili ambayo mtu anapanda na kushuka kati ya NBA na ligi ndogo. Wale hawaposti magari.

Ila opsheni, yaani haki ya kuamua kama mwaka wa mwisho wa mkataba uendelee au la, ikiwa mkononi mwa mchezaji ni dhahabu. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alisaini Toronto 2015 kwa kama milioni 3 kwa mwaka, mwaka wa pili akaweka uamuzi uwe wake. Akacheza mchujo wa 2016 kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, kikomo kikaruka kutoka milioni 70 mpaka 94 kiangazi hicho hicho, akatoka kwenye mkataba, Orlando wakampa miaka 4 kwa kama milioni 70.

"Ukiachwa, hela zimeenda"

Kama mkataba ulikuwa wa uhakika, unalipwa. Kiangazi hicho hicho cha 2016 Luol Deng wa Sudan Kusini alipata milioni 72 kutoka Lakers, haikwenda vizuri, 2018 wakaachana naye na mwaka wa mwisho wa mkataba wakaunyoosha, yaani malipo yake wakayatawanya kwenye miaka mingi zaidi. Kanuni ya kunyoosha ni miaka iliyobaki mara mbili jumlisha mmoja, kwa hiyo mwaka mmoja ukawa mitatu. Deng kastaafu 2019, Lakers wakabeba kombe 2020, na bado kama milioni 5 zake kwa mwaka zilikuwa kwenye hesabu zao mpaka msimu wa 2021-22. Milwaukee wakaja kufanya kubwa kuliko zote na Damian Lillard Julai 2025, kama milioni 113 zimenyooshwa miaka mitano, naye akarudi zake Portland akasaini mkataba mwingine milioni 42. Analipwa huku na huku, na ni halali.

"Wameshakubaliana, imeisha hiyo"

Siku za mwanzo za Julai timu na mchezaji wanakubaliana kwa mdomo tu, wengi hawaruhusiwi kusaini mpaka zile siku za kusubiri ziishe. Kawaida hakuna anayegeuka, maana ukigeuka jina lako limeharibika. Lakini 2015 DeAndre Jordan alikubali kwenda Dallas, halafu kabla ya siku ya kusaini watu wa Clippers wakafunga safari mpaka nyumbani kwake Houston, mchezaji mwenzake Blake Griffin akaposti picha ya kiti kimewekwa kuzuia mlango, wakakaa humo ndani mpaka usiku wa manane ulipopita akasaini kubaki. Dallas hawakuwa na pa kushtaki, neno la mdomo siku hizo si mkataba. Jordan alikuja kwenda Dallas kweli 2018, mwaka mmoja, na msimu haujaisha wakamtredi New York kwenye dili la Porziņģis.