Picha kali ya status si lazima ifae kuchorea

Watu wengi hapa Kisumu wakitaka kuchorwa picha ya uso wanatuma ile picha ilipata likes nyingi, wakidhani mchoraji hahitaji kingine. Lakini mchoraji anatafuta vivuli, anatafuta mfupa wa shavu unaanzia wapi na kuishia wapi, na hivyo ndivyo vitu simu hufuta kwanza ikijaribu kukupendezesha.

Dhana: sogea karibu ndio uso uonekane vizuri

Hapa ndipo sura huharibika kabisa. Ukiweka simu karibu na uso, pua iko karibu na kamera kuliko masikio, kwa hivyo pua inavimba na masikio yanajificha nyuma, na shida si simu ya bei rahisi, ni umbali tu, hata kamera ya bei kali ukiishika hapo itafanya hivyo hivyo. Rudi nyuma mita 1.5 hadi 2, tumia lenzi ya 2x (ile ya kuvuta picha karibu) kama simu iko nayo, na kama haina piga tu kutoka hapo halafu ukate picha baadaye. Kamera iwe usawa wa macho. Selfie ni mbaya zaidi sababu mkono haufiki huo umbali, na simu zingine zinageuza kushoto kuwa kulia, sasa mama mwenye alama shavu la kushoto anachorwa nayo upande mwingine na watu wa nyumbani wanaona tu kuna kitu hakikai sawa.

Dhana: jua kali ndio mwanga bora

Ikweta inapita hapo Maseno karibu na Kisumu, kwa hivyo saa sita jua liko karibu utosini, macho yanakuwa mashimo meusi na mtu anakunja uso. Mlete karibu na mlango au dirisha, zima taa za ndani, ageuke kidogo mwanga umpige upande mmoja. Alafu angalia vitu viwili: kivuli cha pua kinaangukia shavuni, na ndani ya jicho kuna kidoti cheupe cha ule mwanga. Kidoti kikikosa, jicho halina uhai hata ulichore vipi. Flashi wachana nayo.

Dhana: ngozi nyeusi lazima iongezwe mwangaza

Hii inaniuma sana kwa sababu watu wetu wanachorwa wakiwa rangi si yao. Gusa uso kwa skrini, shusha mwangaza kidogo mpaka paji lisiwe jeupe tupu. Ule mng'ao wa paji na shavu uache, ndio unaonyesha mviringo wa uso. Filta ya kulainisha ngozi, hapana kabisa.

Dhana: ukituma WhatsApp ni sawa tu

WhatsApp inabana picha. Itume kama dokumenti.

Dhana: picha ya marehemu, ile ya ukutani inatosha

Usiipige ikiwa ndani ya kioo, itoe kwa fremu, ilaze mezani karibu na mlango, simu iwe sambamba nayo. Na tuma zote mko nazo hata zenye ukungu, moja itaonyesha nywele, nyingine masikio, ya kitambulisho itaonyesha uso wote kwa mbele. Lakini usimwambie mchoraji atoe kichwa cha picha hii akiweke kwa mwili wa ile, kama mwanga wa moja umetoka kushoto na wa nyingine kulia haitakaa, afadhali achore uso na mabega peke yake.