Unalalia Mito Mingapi? Dhana Potofu Kuhusu Dalili za Moyo

Muulize mtu mwenye moyo mgonjwa kama moyo unamuuma, mara nyingi atakujibu hapana, na hadanganyi. Muulize analalia mito mingapi. Hapo ndipo atakapofunguka: zamani mmoja, tangu mfungo uliopita miwili, siku hizi anaegemea ukuta mpaka alfajiri.

Dhana ya kwanza ndiyo hiyo, kwamba moyo ukiugua lazima uume. Moyo uliochoka kusukuma damu hujitangaza zaidi kwa pumzi. Damu hurundikana nyuma yake, mapafu yakaanza kulowa, na mtu akilala chali maji yaliyokuwa miguuni nayo hurudi kifuani. Ndiyo maana huzinduka saa nane za usiku akihema, akakimbilia dirisha, akikaa kitako anapata nafuu. Nyumbani wanasema jinamizi limemkaba. Jinamizi gani hilo linalomwachia mtu akiongezewa mto?

Mwaka 1928 madaktari wa Chama cha Moyo cha New York waliweka madaraja manne ambayo yanatumika hadi leo, na hayahitaji mashine. La kwanza: moyo una kasoro, lakini kazi za kawaida hazikusumbui. La pili: ukipanda ngazi au kubeba ndoo, pumzi inakata. La tatu: hata kuoga au kufagia chumba kunakumaliza, ingawa ukitulia unapumua vizuri. La nne: unahema ukiwa umekaa tu.

"Niko la kwanza, basi nimepona." Hapa tunateleza wengi, wahudumu wa afya wakiwemo. Daraja linapima unavyojisikia, halipimi valvu, yaani vile vilango vya ndani ya moyo. Na wagonjwa ni hodari wa kujipunguzia maisha bila kujua: mama aliyekuwa akiteka maji mwenyewe sasa anamtuma mjukuu, sokoni anakwenda kwa bajaji, anaswali kwenye kiti "kwa sababu ya magoti". Ukimuuliza kama anachoka, anasema hachoki. Kweli hachoki, maana hafanyi kitu. Mimi ningemuuliza hivi: mwaka jana ulikuwa ukifanya nini ambacho sasa umekiacha? Wala daraja la nne si hukumu ya kifo. Dawa za kutoa maji na za kuupunguzia moyo mzigo zinaweza kumrudisha mtu hadi la pili, na akizitupa kwa kuona amepona, anarudi alikotoka.

"Miguu imevimba, ni uzee," au mbaya zaidi, "amekanyaga kitu." Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde kadhaa, kisha achia. Shimo likibaki, hayo ni maji. Madaktari hulipatia shimo hilo alama moja hadi nne kwa kina chake na muda linaochukua kufukika, na huangalia pia uvimbe umefika wapi: kifundoni tu, au hadi mapajani. Shimo halikwambii maji yametoka wapi, kwa kuwa figo na ini navyo huvimbisha. Ila moyo kwa kawaida huvimbisha miguu yote miwili. Ukivimba mmoja, tena una joto na unauma, huenda damu imeganda mshipani. Mguu huo usichuliwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

"Presha ikipanda naijua, kichwa huniambia." Hapana. Wengi wenye 160/100 hawasikii lolote. Kaa dakika tano bila kuzungumza, mkono uwe usawa wa moyo, upimwe. Ikiwa 140/90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha hata kama unajisikia mzima.

"Moyo ni ugonjwa wa wazee wanene wa mjini." Maambukizi ya koo kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, yasipotibiwa, yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu valvu za moyo. Ndiyo maana wanaofanyiwa upasuaji wa valvu pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wamo vijana kabisa. Aliyewahi kuugua homa hiyo huchomwa penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Na mwanamke anayehema mwezi wa mwisho wa ujauzito, au katika miezi mitano baada ya kujifungua, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Wapo ambao moyo hutanuka wakati huo.

Imebaki ile ya "vidonda vya tumbo tu". Kifua kinachobana kama kimekaliwa na gunia, maumivu yakapanda taya au kushuka mkononi, na jasho la baridi, si kiungulia mpaka vipimo vya hospitali viseme hivyo. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kuishia kupata kichefuchefu na kukosa pumzi tu, bila maumivu. Usisubiri kuche. Amsha mtu akupeleke, usiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe.