Ulanguzi ni nini, na fulana ya hisani inaingiaje hapo?

Mwulize mtu mzima wa Dar es Salaam maana ya mlanguzi, huenda akakurudisha mwaka 1983. Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliwaandama wahujumu uchumi na walanguzi: watu waliodaiwa kuficha sabuni, sukari na khanga wakingoja bei ipae. Kulangua ndiko huko. Unanunua kitu kilicho haba, si kwa kukitumia, ila mwenye shida nacho asikipate pengine isipokuwa kwako.

Uchuuzi ni kitu kingine. Muuza mitumba wa soko la Karume anafungua belo asubuhi bila kujua limebeba nini. Anachambua, anafua, anapiga pasi, anatundika. Nguo nyingi kati ya hizo zilitolewa bure huko Ulaya kwa ajili ya hisani. Zisizouzika dukani huko huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa jumla, na fedha hiyo huingia kwenye mfuko wa hisani. Wapo wanaosema ni dhambi kupata faida kwa kitu kilichotolewa sadaka. Mimi sioni. Hisani ilishalipwa, jasho la mchuuzi linaonekana, na mnunuzi anajua ananunua shati.

Sasa chukua fulana ya matembezi ya kuchangia matibabu. Zimechapishwa 300, bei shilingi 20,000, kifuani maandishi makubwa: NIMECHANGIA. Mtu mmoja anabeba 40. Zikishaisha, usiku huohuo zinatokea Instagram: "Chache zimebaki, 50,000, mikoani tunatuma." Kisheria ni mali yake, kalipa. Tena atakwambia waandaaji wamepata 20,000 yao kwa kila fulana, hawajapunjwa hata senti. Hoja hiyo ina uzito, tusiipuuze.

Ila ile 30,000 ya juu inatoka mfukoni mwa nani, na kwa nini? Haitoki kwa ajili ya kitambaa. Fulana ya aina hiyo Kariakoo unaipata kwa bei ya chini kabisa. Inatoka kwa sababu mnunuzi amemwonea mgonjwa huruma, na huruma hiyo imeishia kwa mtu asiyeugua. Muuzaji akiandika tu "faida ni yangu", tuone wangapi watanunua.

Mwenye fulana moja iliyombana akaiuza hayumo humu. Na anayeuza chandarua kilichoandikwa "haiuzwi" amevuka ulanguzi, huyo anamnyang'anya aliyelengwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja kwa mtindo huo. Baada ya wiki nikamwandikia muuzaji: kiasi gani kimeenda kwa wagonjwa? Akajibu, "Kaka, kwani ulinunua fulana au ulitoa sadaka?"

Sikumjibu. Nilikuwa kwenye daladala, nimeivaa, na abiria wa mbele alikuwa anasoma kifua changu.